Siku moja maishani mwangu: mfamasia wa wodini

Saa 1 asubuhi napokea zamu. Raundi, dozi za wenye figo mbovu, antibayotiki, mpaka saa 4 hakuna jipya.

Saa 4 na kitu analetwa baba mmoja, katapika damu, choo cheusi kama lami. Watu wanajua mfamasia anakaa dirishani kuhesabu vidonge, hawajui hapa nimesimama na daktari tunapiga alama za Blatchford, za kupima hatari ya mtu anayevuja damu tumboni, zikiwa nyingi hatari ni kubwa. Presha ya juu 96, alama 2. Mapigo 112, alama 1. Choo cheusi, 1. Hemoglobini 8.4, hiyo peke yake 6. Tayari 10 na yurea, taka ya damu inayohesabiwa pia, bado iko maabara! Mwenye 0 au 1 anaweza kurudi nyumbani akaja kupimwa baadaye, huyu haendi popote.

Dawa gani unatumia baba? "Situmii kitu." Haya, mgongo je, magoti? Binti yake akafungua mkoba: diklofenaki ya maumivu, karatasi imebaki nusu, na aspirini anameza "kulinda moyo" wakati moyo mzima na hakuna aliyemwandikia. Zote mbili zinaweza kuvujisha damu tumboni, tukasimamisha. Ini halina dalili mbaya, basi omeprazoli, ya kupunguza asidi ya tumbo, 80 mg kwenye mshipa. Angekuwa mgonjwa wa ini tungehofia mishipa iliyovimba kwenye koo la chakula, hapo ni oktreotaidi na seftriaksoni bila kungoja kamera ya kuingizwa tumboni kupitia mdomoni.

Sasa huyo binti. Mbona baba haongezewi damu, mbona hapewi sindano ya kukausha damu, kuna mtu anamjua alipewa akapona, nikamwambia dada, kwa hali yake damu tunaongeza ikishuka chini ya 7, na hiyo sindano utafiti wa HALT-IT wa 2020 uliipima kwa wagonjwa zaidi ya 12,000, vifo havikupungua na mabonge ya damu kwenye mishipa yakaongezeka, akanikata "kwani wewe daktari?" akamfuata daktari, akajibiwa yaleyale, akarudi kwangu kanuna akaanza upya tangu mwanzo. Na mimi nikajibu upya, sijala tangu asubuhi.

Sijui ilikuwa saa ngapi kamera ikaonyesha kidonda kina mshipa wazi, wakaubana kwa klipu. Tukapanga pampu ya omeprazoli, 8 mg kwa saa, masaa 72, halafu vidonge. Kipimo cha H. pylori, bakteria wanaosababisha vidonda vya tumbo, kikifanywa damu inavuja kinaweza kudanganya, nikaandika kwenye faili: kikitoka hana, kirudiwe. Yurea ndo ikaletwa nakabidhi zamu.