Siku moja maishani mwangu: dereva wa tanka la oksijeni ya roketi, Texas

Saa 9 usiku. Alamu inalia, natia chai kwenye chupa, natoka. Wengi mnaniuliza eti nafanya kazi SpaceX, ile kampuni ya roketi ya Elon Musk, hapana jamani, mimi ni dereva tu wa kampuni ya gesi, napeleka oksijeni pale Starbase, kituo chao cha kurushia roketi, Boca Chica, kusini kabisa mwa Texas karibu na mpaka wa Mexico.

Saa 10 alfajiri. Nakagua gari: tairi, breki, taa, geji ya presha. Nilipokuwa naendesha Dar–Tunduma hizi zilikuwa kazi za utingo, huku utingo ni wewe mwenyewe. Halafu kupakia. Oksijeni ikishakuwa maji ina baridi ya nyuzi -183, yenyewe haiwaki ila ikikutana na grisi au oili hapo ndo balaa, kwa hiyo glovu za kupakia haziruhusiwi kugusa injini kabisa, ikipata doa tu naitupa.

Saa 12 asubuhi. Barabarani. Sheria ya huku ni saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14 za kazi, na kuna kifaa kinahesabu chenyewe kwa hiyo zile hesabu zetu za kufika kwanza kulala baadaye hazipo. Mzigo nao unachemka polepole njia nzima, presha inapanda, jicho kwenye geji.

Saa 5 na nusu. Napita Brownsville nashika Highway 4, barabara inayoishia baharini. Wakiwa na majaribio inafungwa unakaa tu. Leo iko wazi. Nchi tambarare, nyasi na madimbwi ya chumvi, ile minara ya kurushia roketi unaiona mapema mno.

Saa 6 mchana. Foleni ya matanka. Hapa ndo huwa nawaza. Watu wote wanashangilia roketi yao ya Starship kurudi, na ni haki yao, tarehe 13 Oktoba 2024 lile busta, yaani sehemu ya chini inayoisukuma roketi kupaa, lilirudi dakika kama 7 baada ya kuruka na mnara ukalidaka kwa mikono yake miwili kama mtu anadaka embe, sijawahi kuona kitu kama kile. Na Mei 2025 wakarusha busta lililowahi kuruka, injini 29 kati ya 33 zikiwa zilezile za mwanzo. Sawa. Lakini chuma ndo kinarudi, mafuta na oksijeni havirudi! Busta peke yake linameza kama tani 3,400 za methani, ndo mafuta yake, na oksijeni, oksijeni ni zaidi ya robo tatu, na mimi nabeba kama tani 20. Piga hesabu, ni matanka zaidi ya mia moja ya oksijeni tu, na chombo cha juu hujakigusa. Kwa hiyo wakifanikiwa kurusha roketi ileile kila wiki, foleni hii itafika mjini.

Saa 7. Zamu yangu. Naficha uso kwa kioo, naunga hozi, kwanza unaipoza taratibu, inaota barafu nyeupe na jua lote hili la Texas. Huharakishi.

Saa 9 alasiri. Kurudi, kizuizi cha askari wa mpaka, raia wa wapi, karatasi, haya nenda.

Saa 11 jioni. Napaki, nampigia rafiki yangu dereva mwenzangu, Mkongo wa Houston. Ananiambia umesikia wanataka kujenga kiwanda chao palepale Starbase cha kutenganisha hewa, wajitengenezee oksijeni na naitrojeni wenyewe? Nimesikia bwana. Kwa akili ya biashara ningefanya hivyohivyo, huwezi kuwa na roketi ya kurudi halafu unasubiri mimi nimalize foleni. Yeye anasema tuanze kutafuta mizigo ya hospitali mapema, na nadhani yuko sahihi, Jumatatu naulizia.