Kumbukumbu ya mradi: Fröken Julie kwa waigizaji watatu na jiko moja

Tamthilia hii ya mwandishi wa Uswidi August Strindberg, ya mwaka 1888, inakifaa kikundi kidogo. Wahusika ni watatu: Julie, binti wa kabaila, Jean, mtumishi wa baba yake, na Kristin, mpishi. Mahali ni pamoja tu, jiko la jumba la kabaila huko Uswidi, usiku wa sikukuu ya kiangazi. Kabaila mwenyewe haonekani hata mara moja. Mapumziko hayapo, na katika dibaji yake Strindberg alieleza sababu: mtazamaji akitoka nje, hupata nafasi ya kujinasua kwenye mvuto wa mwandishi. Yeye alikadiria onyesho la saa moja na nusu.

Kanuni tuliyoishika ni kwamba nani anamtawala nani huonekana kwenye vitu kabla ya kusikika kwenye maneno. Kwa hiyo vifaa vimeingia mazoezini kabla ya mtu yeyote kukariri.

Mswada

Strindberg alifariki mwaka 1912, kwa hiyo maandishi yake ya Kiswidi hayana mwenyewe tena. Tafsiri ni suala jingine. Za Kiingereza zinazouzwa sasa nyingi bado zina haki za watafsiri, na ukitafsiri kutoka kwenye hizo unahitaji ruhusa. Tumia tafsiri kongwe, au mpate anayejua Kiswidi.

Usomaji wa kwanza mezani ulikwenda saa moja na dakika 50. Ilibidi kupunguza, na hapa ndipo vikundi vingi huharibu. Kishawishi ni kukata simulizi la Jean la utotoni, pale anapomweleza Julie jinsi alivyomwona bustanini akampenda, hata akataka kujiua ndani ya sanduku la oti. Ni refu, na linaonekana kama pambo. Usilikate. Baadaye Jean anakiri kwamba habari ya sanduku aliitoa gazetini. Bila simulizi, kukiri hakuna uzito; na bila kukiri, Jean anabaki kijana mpenzi tu. Tulichopunguza ni marudio katika ugomvi wa baada ya dansi, sentensi moja moja, tukiziacha habari zote mahali pake.

Na mwigizaji wa Jean asikonyeze. Akilisimulia huku anatabasamu pembeni ili watazamaji wajue anadanganya, wanakuwa werevu kuliko Julie mapema mno na wanaanza kumdharau. Alisimulie kama kweli tupu. Uongo uje kuwashtua watazamaji na Julie kwa pamoja.

Jiko

Eneo la kuigizia ni mita 5 kwa 4. Meza ya sentimita 120 kwa 70 imewekwa kishazari, kona moja ikiwaelekea watazamaji, ili anayekaa asilazimike kugeuka kila anapoongea. Strindberg aliwalalamikia sana wachoraji wa masufuria ukutani na milango ya turubai inayotikisika ikiguswa. Mlango wetu ni plaiwudi ya milimita 12 kwenye fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne, na fremu inasimama yenyewe kwa mihimili miwili ya pembetatu nyuma, kila mmoja ukikandamizwa na mfuko wa mchanga wa kilo 15. Kosa la kawaida ni kuipigilia fremu kwenye ukuta wa kitambaa: mlango ukibamizwa, jumba zima la kabaila linapunga upepo.

Kristin anakaanga jukwaani. Gesi tumeikataa. Tunatumia jiko la umeme la sahani moja, wati 1,000, lenye waya wake peke yake usioshirikiana na taa. Kitunguu kwenye siagi kinatosha kwa harufu. Kipande anachokula Jean kikatwe kidogo kama harage, kwa sababu nyama ikimkwama huku zamu yake ya kusema imefika, mdundo wote unaanguka. Mvinyo ni juisi ya rozela iliyochujwa mara mbili, na shati la Jean lina pacha wake, maana rozela haitoki kirahisi. Bia ni chai baridi yenye soda maji kidogo juu kwa ajili ya povu. Soda tupu humpa mwigizaji kucheua katikati ya kutongoza.

Buti na kengele

Buti za kabaila ndizo mhusika wa nne. Zinakaa mahali zinapoonekana tangu mwanzo hadi mwisho, na lazima zisimame wima. Ngozi laini hulala, kwa hiyo ndani tumeweka bomba la kadibodi, na chini mchanga wa nusu kilo katika kila buti. Ni namba 46, kubwa kuliko mguu wa Jean. Mkubwa asiyekuwepo aonekane ana kimo.

Kengele ambayo kabaila humwitia Jean ni ya umeme ya volti 12, imefungwa kweli juu ya mlango na inabonyezwa na msimamizi wa jukwaa. Tulijaribu sauti ya spika, ikatoka upande usiokuwa na kengele, na mshtuko wa Jean ukaonekana wa bandia. Bomba la kuongelea na ghorofani ni PVC ya inchi moja na faneli.

Dansi ya wakulima

Julie na Jean wakiwa chumbani, wakulima wanaingia wakiimba, wanakunywa na kucheza. Vikundi vya watu watatu hufuta sehemu hii na kuacha muziki wa nyuma ya pazia. Tumeomba watu wanne wa kujitolea waingie kwa dakika mbili, na kazi yao halisi ni kuvuruga. Kabla ya hapo Kristin amepanga kila kitu bila kusema neno, ameikunja hata leso aliyoisahau Julie, baada ya kuinusa. Sasa vikombe vinalala chali, kiti kimeanguka, bia imemwagika. Julie anarudi peke yake, anaiona hali ya jiko, kisha anatoa poda na kujipaka usoni. Jiko likiwa safi, poda hiyo haina maana yoyote.

Mwanga

Mtazamaji wa Dar es Salaam au Mombasa anajua usiku unaodumu saa kumi na mbili na giza lake. Stockholm mwishoni mwa Juni, kwa saa za leo, jua huzama karibu saa nne usiku na kuchomoza kati ya saa tisa na kumi, na katikati hakuna giza kamili. Basi dirisha la nyuma halizimwi kamwe: buluu ya kijivu, kisha dakika 12 za mwisho linapanda taratibu hadi jua limwangukie Jean. Taa za ndani tumeziweka pembeni, urefu wa mita 1.8, rangi ya mwanga kelvini 3,000, yaani wa njano kidogo. Balbu za LED za dukani kwenye swichi ya kupunguza mwanga humemeteka zikishuka chini, kwa hiyo za alfajiri ni za halojeni.

Ndege, wembe, miili

Ndege wa Julie ni wa sponji na manyoya. Uzito wa kweli wa ndege huyo, gramu kumi na kitu, hauonekani mkononi. Tumetia mchanga wa gramu 40. Jean anamkata akiwapa watazamaji mgongo, na kinachosikika ni kisu kwenye gogo. Damu hatutumii, maana macho yangeikimbilia wakati Julie anatema chuki yake yote.

Wembe, ambao Julie anatoka nao mwishoni kwenda kujiua, ni wa kukunja wa kinyozi, ila jani lake ni bati la alumini la milimita 2, ncha na ukingo vimepigwa tupa. Unakaa kwenye kisanduku chenye kufuli, na mtu mmoja tu ndiye anautoa na kuurudisha.

Kila mguso umeandikwa: mkono gani, wapi, kwa muda gani. Usioandikwa haufanywi. Jean anabusu ngozi ya kiatu na hagusi kifundo. Kofi la Julie kwa Jean linapigwa hewani, na Jean anatoa mlio kwa kupiga kifua chake. Watazamaji wakikaa pande tatu wanaliona pengo, ndiyo maana viti vyote 60 vimehamia upande mmoja.

Yaliyobaki: bawaba ya mlango inalia kabla ya kengele na kuiharibia, na pacha wa shati la Jean bado yuko kwa fundi. Wiki ijayo ni mazoezi ya kwanza yenye taa zote.