Kujitengenezea kiegemezo cha kukerezea mbao nyembamba

Mti mwembamba ukizunguka kati ya ncha mbili za mashine ya kukereza huikwepa patasi. Unapinda, unarudi, unapinda tena, na mwishowe unaona michirizi iliyojizungusha kwenye mti kama hesi za skrubu. Kunoa patasi kunasaidia kidogo tu, kwa sababu kiini cha tatizo ni urefu. Ukiugawa mti nusu kwa nusu kwa tegemeo la katikati, nguvu ileile ya patasi hupinda kila nusu mara 8 pungufu. Mimi huanza kufikiria kiegemezo (wengine huita stedi) pale urefu unapozidi kipenyo mara 10. Ni ubao wenye tundu kubwa la duara, na mikono mitatu yenye magurudumu yanayoushika mti unaopita katikati.

Vipimo ninavyotoa ni vya mashine ambayo ncha yake iko milimita 150 juu ya kitanda (zile reli mbili za chini). Yako ikiwa tofauti, badilisha.

Gundisha vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 18 upate ubao mmoja wa milimita 36. Kipande kimoja hakitoshi, kitatetema pamoja na mti. Ukate upana wa 280 na urefu wa 290. Usitoboe tundu la katikati bado! Anza na miguu: gundisha na kufunga kwa skrubu gogo la mbao ngumu kila upande wa ubao, chini kabisa, kisha ongeza ulimi unaoingia kwa kubana kati ya reli mbili za kitanda. Bolti mbili za M10 (yaani unene wa milimita 10), moja kila upande wa ubao, zishuke kupitia miguu na ulimi hadi kwenye kipande cha mbao kinachokaza kutoka chini ya reli.

Sasa funga ubao huo kwenye mashine na uusukume taratibu mpaka ncha ya upande wa mota iuchome. Alama hiyo ndiyo kitovu halisi cha mashine yako, na hakuna rula itakayokupa bora zaidi. Kutoka hapo chora kwa bikari duara la kipenyo cha milimita 190, chora mistari mitatu iliyoachana nyuzi 120, mmoja ukielekea juu wima, ndipo ukate duara. Mpangilio huo una sababu: uzito wa mti unalala juu ya magurudumu mawili ya chini, na patasi inapouinua na kuusukuma nyuma, gurudumu la juu na lile la chini upande wa nyuma huudaka.

Mikono mitatu iwe ya mbao ngumu, 120 kwa 40, unene 20. Toboa tundu la ekseli ya gurudumu milimita 15 kutoka kwenye ncha ya mkono inayoelekea kitovuni, kisha mwanya wa upana wa 8.5 unaoanzia milimita 40 na kuishia 95 kutoka ncha hiyohiyo. Kwenye ubao, bolti ya M8 ya kila mkono ipite kwenye mwanya huo, juu ya mmoja wa ile mistari mitatu, milimita 117 kutoka kitovu, ikazwe kwa nati yenye masikio na washa pana. Bolti moja peke yake itaacha mkono ugeuke, kwa hiyo gundisha kijiti kila upande wa mkono ili uteleze kwenye njia yake tu.

Magurudumu bora ni yale ya viatu vya kuteleza, kipenyo cha milimita 76. Beringi zake ni za namba 608, zenye tundu la milimita 8, hivyo bolti ya M8 inaingia bila kuhangaika. Usitupe kile kibomba kidogo kilicho kati ya beringi mbili. Bila hicho, ukikaza bolti unazibana beringi ubavuni na gurudumu linakuwa zito. Weka pia washa ndogo kati ya beringi na mkono. Kwa vipimo hivi utashika mti wa kipenyo cha milimita 12 hadi 100.

Makosa mengi hutokea wakati wa kuutega. Gurudumu likikaa juu ya mti usio duara, litausukuma kila mzunguko na kuongeza mtetemo. Kwa hiyo kereza kwanza mkanda wa milimita 30 hivi, taratibu na kwa mkato mwepesi, mahali kiegemezo kitakapokaa. Kisha zima mashine, zungusha mti kwa mkono, sogeza gurudumu moja moja mpaka liguse na kuanza kuzunguka. Liguse tu. Kama mti ulio kwenye chaki (kishikio cha mashine kinachoubana mti upande wa mota) unahitaji kuchimbwa ndani, rudisha ncha ya nyuma kidogo kisha uilete tena: isiporudi kwenye tundu lake lilelile, umeukaza upande mmoja.

Mti mbichi unaponyauka hupoteza uduara, basi kagua tena kila baada ya muda. Maranda yakiingia chini ya gurudumu huacha vibonyeo. Zima mashine uyaondoe kwa brashi. Na kiegemezo hakikupi ruhusa ya kuongeza kasi kupita ile ambayo mti unaivumilia.

Mkanda utabaki na mng'aro mahali magurudumu yalipopita. Ubakishie nusu milimita ya ziada, uondoe kiegemezo, umalizie kwa patasi kali na msasa.