Nilivyourudishia kazi mkono uliopooza kwa kiharusi

Mama niliyemfanyia mazoezi alikuwa na miezi saba tangu apate kiharusi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na nguvu kiasi, ila alikuwa ameshauacha. Ndivyo inavyokuwa: wiki za mwanzo ukishika kikombe kinaanguka, basi mgonjwa anahamia mkono mzima, na ubongo unazoea hivyo. Mtafiti Edward Taub wa Marekani aliligundua hili kwa kima, akalipeleka kwa binadamu: mkono usiougua unazuiwa, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Mwaka 2000 watafiti nchini Ujerumani walichapisha vipimo vya wagonjwa 13 wenye kiharusi cha siku nyingi. Baada ya siku 12 za kuulazimisha mkono dhaifu, eneo la ubongo linalouendesha lilikuwa limepanuka.

Kwanza nilitazama kifundo cha mkono. Mkono dhaifu ulale mezani, kiganja kikining'inia ukingoni. Akiweza kukiinua kama nyuzi 10 na vidole vikafunguka kidogo, anza. Ngumi iliyojifunga kabisa haifai kwa njia hii, utamtesa bure.

Mkono wa kulia, ule usiougua, niliuvalisha soksi nene kwa wiki mbili, mchana kutwa. Kwenye ngazi, jikoni penye moto na bafuni tuliivua, maana mkono wa kujidaka ni huo.

Mazoezi yalikuwa saa 3 kwa siku, kwa vipande vya nusu saa. Maharage 20, moja moja, kutoka bakulini hadi kwenye kikombe. Raundi 10, kila moja napima sekunde na kuandika daftarini. Muda ukipungua, naongeza ugumu kidogo tu: choroko badala ya maharage, au kikombe kisogee upana wa vidole vitatu. Ukiharakisha, mgonjwa atainua bega na kuinamisha mwili ili afikie, na ubongo utajifunza kosa hilo. Nilimzungushia kanga kifuani na kwenye mgongo wa kiti, bila kumbana, imkumbushe kuegemea. Bega likiuma tunasimama. Mkono hauvutwi kamwe.

Kilichotaka kuharibu kazi ni huruma. Binti yake alimwona akihangaika dakika nne na kifungo kimoja, akanyoosha mkono amfungie. Nikamwomba: mwache mama, dakika hizo nne ndizo dawa yenyewe.

Soksi ilipotoka tuligawa majukumu: kitasa, swichi ya taa na kijiko cha uji vikawa vya mkono wa kushoto peke yake, kila siku.