Kwenda Ndola, kinyume na malori ya shaba

Tunduma tuliingia alfajiri, na baridi ya pale haimwonei huruma mtu wa Dar. Nilishuka na begi moja la mgongoni, kadi ya njano ya chanjo mfukoni, na ndani ya begi, imezungushiwa kanga kuukuu ya mama, kofia ya buluu ya mdogo wangu. Alikaa Beni, mashariki mwa Kongo, na wenzake wa JWTZ katika ile brigedi iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa mwaka 2013, Watanzania, Waafrika Kusini na Wamalawi. Alirudi miezi michache kabla ya Desemba 7, 2017, usiku ambao kambi ya Semuliki ilishambuliwa na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Kofia aliipandisha juu ya kabati, na habari za kule akazipandisha hukohuko. Nilipomwambia naenda Ndola, Zambia, kupaona alipofia Dag Hammarskjöld, yule Mswidi aliyeongoza Umoja wa Mataifa, aliishusha, akaipangusa vumbi kwa kiganja, akasema, "Basi nenda nayo, kaka." Hakusema nikaifanyie nini.

Mpakani malori yalikuwa yamepangana hadi nikachoka kuhesabu. Dereva mmoja alikuwa amechutama kando ya tairi akinywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati.

"Umebeba nini, mdogo wangu?"

"Shaba, mzee. Nimepakia Kolwezi kule Kongo, nashusha bandarini Dar. Na wewe?"

Nilimwambia nakwenda Ndola kuangalia mahali palipoanguka ndege. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu mzima aliyepoteza nauli, akanikaribisha chai.

Nilikunywa nikiwaza kwamba mzigo wake ndio uliomtoa yule Mswidi New York. Kongo ilipata uhuru Juni 30, 1960. Siku kumi na moja baadaye Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, mkoa wenye shaba, akatangaza kwamba mkoa wake umejitenga, nyuma yake wapo Wabelgiji, mamluki na fedha za kampuni ya madini ya Union Minière. Baadaye Mobutu aliubadili mkoa huo jina ukaitwa Shaba, neno letu kabisa, maana sokoni Lubumbashi watu wanazungumza Kiswahili. Umoja wa Mataifa ulipeleka Kongo jeshi lililofika watu takriban 20,000. Septemba 13, 1961, jeshi hilo lilipoanza operesheni Katanga, mapigano yakapamba moto, na Hammarskjöld, aliyekuwa Katibu Mkuu, akatua Léopoldville, Kinshasa ya leo, siku hiyohiyo. Siku nne baadaye alipanda ndege kwenda kuonana na Tshombe ana kwa ana, ili risasi zisimame. Walikubaliana wakutane Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, kwenye himaya ya Mwingereza.

Angeweza kutuma mtu. Mwaka 2000 nilikuwa kijana wa mafaili pale AICC, kituo cha mikutano Arusha, kwenye mazungumzo ya amani ya Burundi. Pande 19, kila upande na chumba chake na malalamiko yake, mimi na fotokopi na birika la chai. Niliona jinsi watu wazima wanavyoweza kumaliza asubuhi nzima wakigombea nani atangulie kuingia ukumbini, kisha jioni wawili kati yao wakakutana koridoni bila karatasi wala mkalimani, na kesho yake aya iliyokuwa imekwama ikapita. Agosti 28 walitia saini, wengine huku wakiandika yale wasiyoyakubali. Tangu hapo msuluhishi anayesuluhisha kwa simu simwamini sana.

Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo nilipata alfajiri mbili siku moja. Halafu ni barabara tu. Vichaka, vichuguu, akina mama na mabeseni ya uyoga, gunia la mkaa limesimama peke yake kando ya lami kama abiria anayengoja basi. Nililala, nikaamka, vichuguu bado vipo. Kapiri Mposhi, pale reli ya TAZARA inapoishia, tulikata kaskazini kuelekea Ukanda wa Shaba, na Ndola tuliingia usiku. Nilikula nshima na kapenta. Wazambia watasema si ugali na dagaa. Mimi sikuona tofauti.

Asubuhi dereva wa teksi alinifundisha kusema "mwapoleni," nikamsalimia kila niliyemwona mpaka akanicheka. Tulitoka kwa barabara ya Kitwe, upande ambao siku hizi umejengwa uwanja mpya wa ndege, tukaacha lami na kuingia msituni. Mahali penyewe pametulia. Pana nyumba ndogo ya makumbusho yenye picha ukutani, nyasi zilizofyekwa, miti, na katikati rundo la mawe. Mlinzi, mzee mwenye koti lililomzidi mabega, alinipa kitabu cha wageni nisaini, akaketi.

Ndege ilikuwa DC-6, jina lake Albertina, ndani watu 16. Iliondoka Léopoldville jioni ya Septemba 17, ikazungukia mbali mashariki kuikwepa anga ya Katanga, kwa sababu waasi walikuwa na ndege ya kivita. Kwa muda mrefu haikuzungumza na mtu redioni. Saa sita na dakika kumi hivi usiku rubani aliuambia mnara wa Ndola kwamba anaziona taa. Kisha kimya. Tshombe alikuwa ameshafika mjini, anangoja. Balozi wa Uingereza, Lord Alport, naye alikuwepo uwanjani, akasema pengine mgeni ameamua kwenda kwingine. Taa zikazimwa, watu wakaenda kulala.

Mabaki yalipatikana rasmi saa tisa alasiri ya siku ya pili, kilomita kama 15 tu kutoka uwanjani. Zimepita saa kumi na tano! Mlinzi mmoja Mmarekani, Harold Julien, alikuwa bado hai, ameungua kwa moto na kwa jua. Hospitalini alizungumza habari za cheche angani; wakasema ni homa, naye akafa baada ya siku chache. Hammarskjöld mwenyewe hakuungua. Walimkuta chali, ameegemea kichuguu, majani yamo kiganjani.

Nilitembea pale nikitafuta kichuguu. Vipo vingi, na sikuuliza ni kipi.

Kilichonipeleka Ndola hasa ni wachoma mkaa. Usiku ule walikuwepo msituni humu, na ukiwahi kukaa na mchoma mkaa unajua kwamba halali. Tanuri limefunikwa udongo. Udongo ukipasuka, hewa ikaingia, asubuhi unazoa majivu. Kwa hiyo kazi yake ni kuliangalia giza mpaka kuche. Baadhi yao walieleza kwamba waliona ndege mbili, kubwa na ndogo, wakaona na mwanga. Tume ya Rhodesia iliusikia ushahidi wa aina hiyo ikauweka kando, na mwaka 1962 ikasema kosa ni la rubani aliyeshuka chini mno. Umoja wa Mataifa ulichunguza mwaka huohuo, ukaacha swali wazi. Mtu ambaye kazi yake ni kukesha anaambiwa hakuona vizuri, na anayemwambia hivyo alikuwa amezima taa akalala. Hapo ndipo ninapokasirika, na nilikasirika tena nikiwa pale, mbele ya yule mzee wa watu asiyehusika.

Zaidi ya miaka 50 ilipita ndipo tume ya majaji ya kimataifa, mwaka 2013, ikayapa uzito maneno ya wale waliokuwa bado hai. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulimkabidhi suala hili Mtanzania, Mohamed Chande Othman, wakati huo Jaji Mkuu wetu. Mwaka 2017 aliandika kwamba yaonekana ni jambo linalowezekana kuwa ndege ilianguka kwa kushambuliwa au kutishiwa kutoka nje. Hajasema imethibitika. Ripoti zake zilizofuata zinarudi palepale: kuna serikali chache, zikiwemo za Uingereza, Marekani na Afrika Kusini, zinazoaminika kuwa na taarifa ambazo hazijatolewa. Wachoma mkaa walisema walichokiona bila kuombwa mara mbili. Wenye makabati ya chuma ndio wanaobembelezwa.

Kabla ya kuondoka nilitoa kofia kwenye kanga nikaiweka juu ya mawe. Rangi ile ya buluu nayo ilianza wakati wa Hammarskjöld, kwenye Mfereji wa Suez mwaka 1956, kikosi cha kwanza kilipohitaji alama ili wasidhaniwe kuwa Waingereza au Wafaransa. Wakachukua kofia za jeshi la Marekani wakazipaka rangi. Mlinzi alisogea.

"Mwenyewe yupo?"

"Yupo. Ni mdogo wangu."

Alitikisa kichwa polepole, akarudi kwenye kiti chake. Nilipiga picha, nikamtumia mdogo wangu kwa WhatsApp, na chini yake nikaandika habari za wachoma mkaa, jinsi walivyokesha na jinsi walivyoulizwa bila kusikilizwa. Halafu nikakumbuka kwamba mimi sijawahi hata kumuuliza. Nikaongeza mstari: "Na wewe usiku wa Beni ulikuwaje?" Tiki mbili zikageuka buluu. Kimya.

Jibu lilinikuta kesho yake Kapiri, basi limesimama nyuma ya lori la shaba na wachuuzi wananing'iniza ndizi madirishani. Ilikuwa sauti, dakika kumi na moja, mtu ambaye hata kwenye harusi yake alizungumza dakika mbili. Nilisogeza simu sikioni, nikaziba sikio la pili kwa kidole. Inaanza na mvua, na zamu yake ya saa nane usiku.