Nimeenda Rosterman, dhahabu sikuiona

Haya jamani nimerudi Mombasa jana, viatu bado vina udongo mwekundu. Shemeji yangu alienipeleka Rosterman, ule mgodi wa Kakamega, wazungu walivamia huko mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakachimba wee mpaka 1952 wakafunga wakaenda zao, na mie toka napanda basi Mwembe Tayari kichwani nlikuwa naona mapango na reli na vyuma, kumbe wapi! Mahindi ya watu, nyumba, nyasi, halafu ghafla shimo limekaa tu hapo, ukitupa jiwe unangoja kusikia linafika na husikii. Nkarudi nyuma mbio, shemeji anacheka.

Lakini watu bado wachimba pembeni, kwa mikono. Kina mama wanaponda mawe yawe unga, wanaosha, wanatia zebaki ishike vile vipunje, kisha wanaichoma ile zebaki iondoke ibaki dhahabu. Huo moshi ni sumu wallahi, na hata barakoa hakuna.

Mama kaniuliza, "Na yangu iko wapi?" Nkamtolea kijiwe cheupe. Kakiweka juu ya friji.