Kimea Kimetoa Sukari Kiasi Gani?

Unapopika bia, kilo 1 ya kimea cheupe (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) ikitolewa sukari yote katika lita 1 ya maji hutoa takribani pointi 300 (pointi ni kipimo cha sukari: usomaji wa 1.048 ni pointi 48). Kwa kilo 5, kikomo ni 1500. Ukipata lita 23 za maji hayo ya sukari na haidromita (kifaa cha kupima uzito wa kimiminika) ikisoma 1.048, zidisha 48 kwa 23, upate 1104. Gawa kwa 1500: ufanisi ni asilimia 74, si haba. Poza sampuli hadi nyuzi 20 kwanza. Ikiwa moto, haidromita husoma chini.

Ukiambulia asilimia 60, kagua usagaji kabla ya kulaumu kimea. Punje nzima hazitoi kitu. Zipasue zote, ila maganda yabaki makubwa ili maji yachujike. Suuza polepole, maji yakipenya njia moja tu, sukari hubaki kwenye machicha.

Asilimia 95? Pengine ulipima ujazo maji yangali yanachemka, na ujazo wa maji hayo huzidi wa baridi kwa asilimia 4 hivi.